Kaseti za Xalo: niliyojifunza kwa jirani yangu Mkurdi kuhusu kutunza nyimbo za wazee

Mfuko wa kwanza ulikuwa na kaseti 41. Mfuko wa rambo tu wa kawaida, umefungwa fundo mbili, na mzee aliponikabidhi pale mlangoni alinipa kwa mikono yote miwili kama anayekupakatisha mtoto mchanga, akaniambia kwa Kijerumani chake cha kuokoteza, "Humu mna watu wengi wameshakufa, binti yangu, waamshe taratibu."

Naandika hii kwa sababu meseji zimekuwa nyingi. Waswahili wenzangu mlioko nje mnaniuliza, dada nina bibi anajua nyimbo za zamani, nina babu alikuwa kwenye ngoma fulani, nifanyeje asije akaondoka nazo, nami huwa nawajibu vipande vipande kwenye WhatsApp nikiwa kwenye treni, halafu najilaumu maana nusu ya nilichotaka kusema sijakisema. Leo nimekaa. Na karibu yote nitakayosema nimejifunza kwa mtu ambaye si Mswahili na hajawahi kukanyaga Afrika. Ni Mkurdi, watu wa milima ya Uturuki, Syria, Iraki na Irani, jirani yangu wa ghorofa mbili juu, hapa Ujerumani. Jina lake silitaji, hataki, na bado ana ndugu kwao. Mie namwita Xalo, hiyo x isome kh kama kwenye kheri, maana yake mjomba, Waarabu nao wanasema khal. Yeye ananiita keça min, binti yangu.

Kabla sijaja huku nilikuwa fundi mitambo kwenye redio moja ya jamii kule Tanga, miaka 6, kazi yangu ilikuwa kaseti, maiki, waya na kuamka alfajiri kuwasha mtambo. Huku nikaja kufanya kazi nyingine kabisa. Siku moja kwenye ngazi Xalo akaniona nimebeba deki ya kaseti niliyoinunua soko la vitu vya mitumba, akasimama, akaiangalia, akauliza inafanya kazi? Nikasema inafanya. Kesho yake ndo akaja na ule mfuko.

Sasa lazima niwaeleze huyu mtu katoka wapi maana bila hivyo ushauri wangu hautaeleweka.

Xalo kazaliwa kijijini kwenye nyanda za juu wanazoziita Serhed, mashariki ya Uturuki, upande wa Ağrı na Muş na Kars huko, ambako theluji ikianguka njia zinafungwa na watu wanakaa ndani miezi. Kwenye majira hayo ndo dengbêj alikuwa na kazi. Deng ni sauti, bêj ni kusema, yaani dengbêj ni mtu anayeisemesha sauti. Hapigi chombo mara nyingi, anakaa tu, anaweka kiganja sikioni, anaanza, na wimbo mmoja, kilam, unaweza kwenda nusu saa au zaidi, ndani yake kuna vita vya koo, mapenzi yaliyokatazwa, mama anayemlilia mwanawe, farasi, mlima kwa jina lake, bonde kwa jina lake. Ukiwahi kumsikia mzee wa pwani akighani utenzi kwa kichwa bila kuangalia karatasi utapata picha kidogo, ila huyu sauti yake inapanda mpaka unahisi shingo inakusisimka. Kule kwao dengbêj mkubwa wanayemtaja kama babu wa wote ni Evdalê Zeynikê wa karne ya 19, na Xalo akimtaja anashusha sauti.

Tatizo ni kwamba Xalo alikulia kwenye nchi ambayo lugha yake haikutakiwa. Kikurdi hakikuwa redioni wala shuleni kwa miaka mingi, halafu baada ya jeshi kupindua serikali tarehe 12 Septemba 1980 mambo yakawa mabaya zaidi, 1983 ikaja sheria kabisa ya kupiga marufuku kuchapisha na kusambaza kitu kwa lugha hiyo, ikafutwa 1991. Mtu kukutwa na kaseti tu ilikuwa kesi. Kwa hiyo nyimbo zao wenyewe walikuwa wakizisikia kutoka nje ya nchi, na hapa ndo pamenifanya nikapenda habari hii kuliko zote: kuanzia 1955 Redio Yerevan, kule Armenia, wakati ule ni sehemu ya Muungano wa Kisovieti, ilikuwa inarusha matangazo ya Kikurdi, mtangazaji anaanza na "Êrîvan xeber dide", Yerevan inazungumza, na upande wa pili wa mpaka familia nzima zimejikusanya kwenye redio moja ya betri. Xalo anasema baba yake alikuwa anatundika blanketi dirishani kwanza. Majirani wanaingia mmoja mmoja. Mtoto akikohoa anapelekwa nje kwenye baridi.

Aliyesimamia idhaa ile mwanzoni ni Casimê Celîl, Mkurdi wa dini ya Kiyazidi aliyekuwa yatima, na nyumba yake nzima iligeuka ghala la nyimbo, watoto wake walizunguka vijijini Armenia na daftari na mashine ya kurekodia, binti yake Cemîla akaandika mamia ya nyimbo kwa nota. Halafu kuna waimbaji. Karapetê Xaço, aliyeimba kilam ambazo leo kila dengbêj anazijua, alikuwa Muarmenia, yatima wa mauaji ya Waarmenia ya 1915 kwenye dola ya Ottoman, akakua kati ya Wakurdi, akazishika nyimbo zao kama zake mpaka kufa kwake 2005. Aram Tigran naye Muarmenia, kazaliwa Qamishli nchini Syria 1934, 1966 akahamia Yerevan akafanya kazi redioni miaka mingi, baadaye akaishi Athens. Alifariki 2009. Aliomba azikwe Diyarbakır, mji ambao Wakurdi wa Uturuki wanauona kama moyo wao, serikali ikakataa, akazikwa Brussels.

Nimerefusha hapo makusudi. Maana kuna watu wananiambia, we Mswahili unahangaika na kaseti za Wakurdi za nini, si zako hizo. Nawajibu hivi: nyimbo za Kikurdi zimefika leo kwa sababu kuna Waarmenia waliozibeba kifuani. Anayesikiliza kwa moyo ndo mwenyewe. Kwa hiyo na wewe mwenye bibi yako kijijini, kama anayependa nyimbo zake ni mkwe aliyeolewa tu hapo kutoka kabila jingine, mwacheni arekodi yeye, msimzuie kwa ajili ya damu.

Haya, sasa yale ya vitendo.

La kwanza, na kama utasoma hili peke yake ukafunga simu sitaumia: usimwekee mzee maiki ukamwambia imba. Niliharibu hapo. Siku ya kwanza nilijiandaa kama naenda studio, nikaweka stendi, nikavaa hedifoni, nikamwambia Xalo karibu, anza. Akaniangalia. Akaimba dakika mbili hivi za kitu kikavu akanyamaza, akasema hamna mtu humu. Nikamwambia mie nipo. Akasema wewe unaangalia zile taa. Na kweli nilikuwa naangalia mita ya sauti.

Dengbêj haimbi kwenye hewa, anaimba kwa mtu, na yule mtu ana kazi yake. Anaitikia, anashusha pumzi, anasema ee, anataja jina la Mungu pale mama anapompoteza mwanawe. Bila hiyo kilam haiendi mbele, ni kama hadithi yetu, ukisema paukwa na hakuna wa kukujibu pakawa utaendelea na nini? Wiki iliyofuata nikamleta rafiki yake wa zamani, mzee mwingine wa upande wa Muş, nikawapikia chai nyeusi, nikaweka rekoda kwenye rafu ya vitabu nyuma ya chungu cha maua, wote wawili wanajua ipo, nikakaa chini kwenye zulia nikamtazama Xalo usoni. Aliimba saa 1 na dakika 50. Kati yake wakabishana kuhusu jina la kijiji, wakacheka, mmoja akalia. Yote nimeyatunza. Msikate maneno ya kati, jamani, yale mabishano ya jina la kijiji leo ndo kitu pekee kinachotuambia wimbo ule unahusu bonde gani, na kijiji chenyewe hakipo tena, kilikuwa kati ya vile vijiji maelfu vilivyohamishwa kwa nguvu miaka ya 1990 wakati wa vita vya jeshi la Uturuki na waasi wa Kikurdi.

La sauti yenyewe. Mzee anayeimba hivi anaanza kama ananong'ona halafu ghafla anapasua. Ukipima maiki kwa mnong'ono basi ule mpasuko wote utatoka umekwaruza na hamna programu ya kuurudisha. Hiyo pia nimeikosea, nikapoteza kilam nzima ya kumlilia kijana aliyeuawa, nilipomwomba Xalo arudie akasema hairudiwi, ile ilikuja ikaenda. Mpaka leo inaniuma. Kwa hiyo mwombe kwanza aite mtu kwa nguvu kama yuko ng'ambo ya mto, pima hapo, mita ya sauti isizidi kwenye -12 dB, mengine yatakuwa chini kidogo, hayana shida, utayapandisha baadaye. Zima ule utaratibu wa rekoda kujipandishia sauti yenyewe. Kaa kama mita 1 kutoka mdomoni kwake. Simu ya kawaida inatosha kama huna kingine, nasema kweli, iweke tu kwenye hali ya ndege ili isiite katikati, na tafuta programu ya kurekodi inayotoa WAV badala ya ile ya kubana faili.

Friji. Zimeni friji jikoni maana mngurumo wake hamuusikii ila maiki inausikia, na weka funguo zako za nyumba ndani ya friji, hivyo huwezi kuondoka bila kukumbuka kuliwasha tena.

Kuhusu kaseti za zamani nina mengi lakini nitasema yale yanayoua. Usiingize kaseti ya miaka 30 kwenye mashine ukabonyeza play. Itazame kwanza kwenye dirisha lake, kama kuna unga mweupe ni ukungu, iweke pembeni kwenye mfuko wake peke yake isiambukize mashine. Vunja vile vijino viwili juu ili mtu asije kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Izungushe mpaka mwisho na kuirudisha mara moja, taratibu, ndipo uicheze. Kile kisponji kidogo cha katikati kikidondoka sauti inakuwa hafifu, watu wanadhani kaseti imekufa, kumbe unafungua skrubu unahamishia mkanda kwenye kasha la kaseti nyingine zima. Safisha kichwa cha deki kwa spiriti na pamba ya masikioni kila baada ya kaseti chache. Halafu kuna skrubu ndogo pembeni ya kile kichwa, ukiisikia sauti imefunikwa kama mtu anaongea nyuma ya pazia, izungushe kidogo sana kushoto au kulia mpaka herufi s zianze kusikika, hiyo peke yake imefufua kaseti ambazo Xalo alishazilia. Kaseti ya dakika 90 ukiihamisha kwa WAV nzuri inakula kama GB 1.5, siyo kitu siku hizi. Nakala tatu, na moja isikae nyumba hiyohiyo. Faili asili usiisafishe mivumo, safisha nakala.

Na usiamini maandishi ya juu. Kwenye zile 41, 9 zilikuwa na majina ya waimbaji wa Kituruki wa mapenzi, nikataka kuziruka, Xalo akatabasamu akasema sikiliza. Ndani ni dengbêj. Walikuwa wanazificha hivyo kupita mpakani na kwenye vizuizi vya barabarani. Nyingine safari yake ilikuwa kinyume, zilirekodiwa Ulaya zikaingizwa Uturuki, kama zile za mwimbaji wa Kikurdi Şivan Perwer aliyekimbilia Ujerumani 1976 na nyimbo zake zikarudi kijijini kwa siri kutoka mkono kwa mkono, zimenakiliwa mara ngapi hata hujui, kila nakala imezidi kuwa na mvumo na kasi yake imekimbia kidogo. Yeye mwenyewe alikuja kukanyaga tena Diyarbakır Novemba 2013, miaka 37 baadaye. Xalo aliangalia siku ile kwenye televisheni amesimama, hakukaa.

Kaseti namba 17 ilikuwa redio ya Yerevan iliyorekodiwa kijijini kwao, deki imewekwa mbele ya spika. Mbwa anabweka. Mlango unafunguliwa. Mwanamume anakohoa karibu kabisa na maiki halafu anasema "guh bidin", sikilizeni. Nilikuwa nimeshashika kipanya nikate kile kikohozi, mazoea ya redioni, tulifundishwa kutoa kelele zote. Xalo akanishika mkono. Baba yake yule. Hana picha yake hata moja, ana kikohozi hicho na neno hilo. Tangu siku ile sikati kitu.

Jambo jingine ambalo watu wengi wanalipita: jikoni. Kaseti zote zile zilikuwa za wanaume kwenye chumba cha wageni, maana dengbêj anakaribishwa pale na kaseti inawekwa pale. Miezi minane nahamisha nyimbo, mke wa Xalo ananiletea chai, namwita Dayê, mama, sijawahi kumuuliza kitu. Siku moja nimemsaidia kukunja majani ya mzabibu na wali, wao wanaita yaprax, mikono inaenda na yeye akaanza kuimba chini chini, mstari unarudi, unarudi, nikamuuliza hii nini, akasema si kitu, ni lorî, ya kulalishia watoto. Si kitu! Kulikuwa na jina la shangazi yake mle, na mto, na mwaka wa njaa. Kumbe anajua lorî 14, na nyimbo za kumtoa bibi harusi kwao, na maombolezo ambayo wanaimba wanawake tu, na hakuna hata mmoja kwenye nyumba ile, Xalo akiwemo, aliyekuwa anajua kama anazijua zote. Alikuja Ulaya na miaka 22. Aliwaimbia watoto wake hapa gorofani, kimya kimya majirani wasigonge ukuta.

Na si kwamba wanawake wa Kikurdi hawakuwahi kusikika, Meryem Xan alikuwa anaimba Redio Baghdad tangu 1939, Ayşe Şan akaja baadaye akapata tabu kubwa na familia kwa sababu tu ya kuimba hadharani, ila kwa kila mmoja kama hao kuna maelfu walioimba juu ya sufuria. Kwa hiyo unapokwenda kwa bibi yako usimwambie nimekuja kukurekodi nyimbo, atakujibu hajui nyimbo. Nenda ukamsaidie kuchambua mchele. Muulize ulikuwa unamwimbia nini mama yangu alipokuwa mtoto hapati usingizi. Muulize siku ya harusi yako waliimba nini walipokutoa. Kazi ya mikono ndo inafungua mdomo.

Ruhusa sasa. Hii ilituletea kilio. Kuna kijana mmoja, wa hukuhuku, alimwomba Xalo kilam moja kwa ajili ya kusoma, akaenda akaipigia ngoma za kompyuta akaiweka mtandaoni kwa jina lake, kaandika mtunzi ni yeye. Xalo hakugombana, aliacha tu kuimba mbele ya vijana karibu mwaka mzima, na mwaka kwa mzee wa umri ule ni mwingi. Tangu hapo kila rekodi tunaanza na sauti yake mwenyewe: jina langu fulani, hii nimeipata kwa fulani wa kijiji fulani, naruhusu watu wajifunze, siruhusu iuzwe. Sekunde 20 tu. Karatasi hupotea, sauti iko ndani ya faili hiyohiyo.

Na zipo ambazo hazitoki kabisa. Kaseti 3 Xalo kazirudisha kwenye mfuko. Ni kilam za ugomvi wa koo mbili, nani alimvizia nani, nani alikimbia, zimetaja majina ya watu na baba zao, na wajukuu wa pande zote mbili wanaishi mji huuhuu, wanakutana kwenye harusi, watoto wao wanasoma darasa moja. Nikamwambia lakini ni historia, Xalo. Akasema ni historia ukiwa mbali nayo. Nimezihamisha, zimefungwa kwa nenosiri, anayelijua ni mwanawe mkubwa. Nakushauri umsikilize mzee hapo hata kama unaona anakosea, nyimbo nyingi za kwetu nazo zina mafumbo ambayo walengwa wake bado wako hai, na wewe uliyekulia nje hutayaona mpaka moto umeshawaka.

Watoto. Hapa ndo Xalo anaumia na hapa ndo kanifundisha zaidi. Jumamosi anafundisha tembûr, chombo cha nyuzi cha Kikurdi chenye shingo ndefu, kwenye chumba cha chini cha jengo moja, watoto 11 mwaka huu, wamezaliwa hapa wote. Tembûr ina kamba nyembamba zimefungwa shingoni kugawa sauti, na unaweza kuzisogeza. Mtoto mmoja alikuja ameshajifunza kwa kinanda cha umeme, vidole vina kasi ajabu, lakini kila sauti imenyooka kama rula. Xalo akachukua tembûr yake, akasogeza kamba moja kwa upana wa unywele, akasema piga tena. Chumba kizima kikageuka. Kwenye harusi nyingi za Kikurdi huku sasa ni kinanda na saz ya umeme, ndugu yake tembûr, kwa sauti ya kupasua masikio, sina ubaya nazo, watu wacheze govend mikono imeshikana mpaka asubuhi, ila ile sauti iliyo kati ya sauti mbili kinanda cha kawaida hakina, na mtoto akikua nacho peke yake atamsikia babu yake akadhani babu anakosea. Sisi wa taarabu tunalijua hili kwa udi. Nilimwambia Xalo kwamba kwenye maqamu za Kiarabu, yaani ngazi za sauti, ambazo wapiga udi na kanuni wetu wanazitumia ipo inaitwa Kurd, hakuamini, nikampigia taksimu yake, ule upigaji wa kubuni papo hapo, kwenye simu, akasikiliza macho yamefumba, akasema wameliandika jina letu mpaka huko baharini.

Zamani alikuwa anaanza na vidole, wiki hadi wiki mazoezi, watoto wanakaa miezi mitatu wanahama kwenye mpira. Akabadilisha. Sasa anaanza na kisa, kwa Kijerumani, bila aibu. Nani alimpenda nani, kwa nini baba alikataa, farasi alikuwa rangi gani. Watoto wanauliza maswali, wanakasirika kwa niaba ya yule msichana. Wiki ya pili ndo anawapa mstari mmoja wa Kikurdi, mmoja tu, ule anaousema yule msichana, na kwa kuwa wanajua kwa nini anausema hawausahau. Chombo kinakuja mwisho. Kwenye Newroz, mwaka mpya wa Wakurdi, ya mwaka huu, 21 Machi, msichana wa miaka 12 alikaa kwenye kiti mbele ya watu, akaweka kiganja sikioni, akaimba dakika 6 bila chombo. Dayê alikuwa nyuma yangu anaitikia. Mara ya kwanza nikasikia maana ya kile Xalo alichosema siku ile, hamna mtu humu. Siku hii watu walikuwemo.

Kwa hiyo nikiulizwa nianzie wapi, huwa nasema anza na masikio mawili, maiki itafuata. Rekodi mia kwenye fleshi bila mtoto hata mmoja anayejua kuitikia, Xalo anaziita kaburi zuri. Ameniambia hivyo huku namaliza kazi ya mwaka mzima, sikupenda kulisikia, lakini nimelikubali.

Mwezi uliopita tumefika kaseti ya mwisho. Zilikuwa 163 jumla, maana baada ya mfuko wa kwanza marafiki zake walileta ya kwao. Nikazima deki. Xalo akamimina chai, akaniambia haya keça min, miaka yote hii umesikiliza ya kwetu, sasa niimbie ya kwenu, ya bibi yako. Nikaanza ile ya kumwingiza bibi harusi ambayo Bibi alikuwa anaianzisha mtaani kwetu kila harusi, mie mdogo nimeshika kanga yake. Nikaimba mistari miwili. Wa tatu haukuja. Nikarudia mwanzo nikidhani utakuja wenyewe, haukuja. Xalo alisubiri, mkono uko hewani tayari kuitikia, akaushusha polepole.

Nimekata tiketi ya Desemba. Rekoda iko kwenye begi tangu wiki jana, betri nimenunua pakiti mbili. Mama anasema Bibi masikio yamepungua ila sauti ipo, na anaamka kabla ya adhana kuchambua mchele.